Mafuta ya mwerezi si mafuta ya mkunazi

Safu yetu ya wiki hii inazungumzia kichupa kidogo ambacho siku hizi kimekuwa mgeni katika nyumba nyingi za Waislamu. Ni kichupa cha mafuta ya mwerezi. Kinauzwa katika maduka ya vipodozi na ya dawa za asili, kinatembezwa barazani baada ya sala, na kinatangazwa katika simu zetu kwa maneno mazito: kwamba huotesha nywele, huleta usingizi, hutuliza kifua na huondoa hasadi. Katika nyumba nyingine kimeingia kwa sababu ya jina tu. Muuzaji husema, "Haya ni mafuta ya sidri, ni Sunna," na mzazi hununua kwa nia njema, akampaka mtoto mwili mzima, au akamtia matone katika maziwa.

Hapo ndipo ilipo hofu yetu. Mafuta ya mwerezi ni kitu kizuri chenye manufaa ya kweli, na tutayaeleza. Lakini si sidri, si dawa ya kunywa, na mtoto mdogo anaweza kudhurika nayo. Tumeona ni wajibu kuyaweka mambo haya mahali pake, kila moja kwa jina lake.

Majina mawili, miti miwili

Sidri ya Kiarabu ni mkunazi. Ndio mti ambao wafasiri wetu wa Qur'ani kwa Kiswahili wameutaja kwa jina hilo la mkunazi. Ndio mti ambao Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake aliyefariki watumie majani yake pamoja na maji, na katika mwosho wa mwisho watie kafuri. Jambo hilo lina maana iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuyaponda majani ya mkunazi. Yakitiwa katika maji hutoa povu, na povu hilo husafisha mwili na nywele kama sabuni. Mkunazi tunaujua, kunazi zake tumezila utotoni, na majani yake hayahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Mwerezi ni mti mwingine kabisa. Kwa Kiarabu huitwa arzi, na ndio ule uliochorwa katika bendera ya Lebanon. Majani yake ni membamba kama sindano, hauzai kunazi bali hutoa koni ngumu zenye mbegu ndani, na mafuta yake hayatoi povu. Kwa Kiingereza mti huu huitwa 'cedar', na neno hilo likitamkwa upesi hukaribiana na sidri. Mfanano huo wa sauti, basi, ndio uliozaa mkanganyiko, kisha biashara ikaukuza.

Ni kweli kwamba arzi imetajwa katika hadithi, lakini imetajwa kwa mfano. Muumini amefananishwa na mmea laini unaoinamishwa na upepo kisha ukasimama tena, na mnafiki akafananishwa na arzi isiyoinama mpaka siku inapong'olewa mara moja. Hakuna hapo habari ya tiba wala ya mafuta. Kwa hiyo anayeyauza mafuta ya mwerezi kwa jina la sidri ameiuza bidhaa kwa jina lisilo lake, na sisi sote tunajua namna dini yetu inavyomtaka muuzaji abainishe sifa na aibu ya kile anachokiuza.

Mti wenyewe na namna mafuta yanavyopatikana

Mierezi ya kweli inayojulikana sana ni mitatu. Upo wa Lebanon, unaopatikana pia katika milima ya Syria na kusini mwa Uturuki. Upo wa milima ya Atlas, nchini Morocco na Algeria. Na upo wa Himalaya, uitwao deodar, ambao Pakistan imeuteua kuwa mti wa taifa. Watu wa kale waliithamini mbao yake kwa kuwa inanukia, ni imara na wadudu hawaipendi. Jahazi la Mfalme Khufu wa Misri, lililofukuliwa kando ya piramidi kubwa mwaka 1954, liliundwa kwa mwerezi wa Lebanon zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na mbao zake zilikutwa zingali nzima kiasi cha kuweza kuungwa upya.

Lakini si kila mafuta yaitwayo ya mwerezi hutoka katika miti hiyo. Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa duniani hutoka Marekani, katika miti ya Virginia na Texas ambayo kwa ukoo ni ndugu wa mtarakwa wetu. Mtarakwa ndio unaoota katika nyanda za juu za Kenya, Ethiopia na Tanzania, na pia ng'ambo ya Bahari ya Shamu katika milima ya Asir na Yemen. Mbao yake ndiyo iliyotengenezewa kalamu za risasi, na nguzo zake husimama miaka mingi ardhini bila kuliwa na mchwa. Katika Usambara Magharibi, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliikata mitarakwa ya Shume na kuiteremsha bondeni hadi Mkumbara kwa kamba za chuma. Huo ni ushahidi kwamba harufu na uimara wa mti huu si habari ya nchi za mbali pekee.

Mafuta hupatikana kwa mvuke. Mbao hupasuliwa vipande vidogo au hutumiwa unga wa msumeno, vikatiwa katika pipa kubwa lililofungwa, kisha mvuke wa maji ukapitishwa kwa saa nyingi. Mvuke huondoka na mafuta, hupoozwa katika bomba, na yanapotulia mafuta huelea juu ya maji yakachotwa. Ndugu zetu wa Pemba hawahitaji maelezo marefu hapa, kwani ndiyo njia inayotoa mafuta ya makonyo ya karafuu pale kiwandani Wawi. Kilo 100 za mbao hutoa kilo chache tu za mafuta. Kwa hiyo tone moja limebeba nguvu ya mbao nyingi, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbukwa na mzazi. Mafuta haya hayalingani na mafuta ya nazi, ya ufuta wala ya halizeti. Hayo ni chakula, na haya ni dondoo kali.

Manufaa yake ya kweli

La kwanza ni harufu. Mafuta ya mwerezi yana chembe nzito zisizoruka upesi hewani. Harufu ya limau au ya mchaichai hupotea baada ya muda mfupi, lakini ya mwerezi hukaa nguoni na mwilini kwa saa nyingi, na tena huzishika harufu nyepesi zilizochanganywa nayo zisikimbie. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa uturi na sabuni huitumia kuwa msingi wa mchanganyiko, ikiwa pamoja na sandali au waridi. Anayetaka manukato ya Ijumaa yasiyo na kileo anaweza kuchanganya matone machache katika mafuta mepesi ya kupaka, akapata kitu kizuri kwa gharama ndogo.

La pili ni kuhifadhi nguo. Kanzu za sufi, majoho, shali na mazulia huliwa na funza wa nondo, na wengi wetu hutumia vile vidonge vyeupe vya nafthalini katika makabati na masanduku. Vidonge hivyo vina hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtoto huvidhani ni pipi akavimeza. Zaidi ya hapo, wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi iliyoenea katika nchi za malaria kama zetu. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivishwa nguo au akifunikwa blanketi lililokaa na nafthalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika, akapata manjano na upungufu mkubwa wa damu. Mama anayezitoa kabatini nguo za mtoto wa kwanza ili amvishe wa pili na alijue hilo.

Mwerezi ni badala iliyo salama zaidi hapa, ilimradi utumiwe kwa utaratibu. Nguo zifuliwe na kuanikwa juani kwanza, kwa sababu mvuke wa mwerezi huwadhuru funza wachanga tu, hauwamalizi wakubwa wala mayai. Kisha matone 5 hivi yatiwe katika pamba au katika kipande cha mbao isiyopakwa rangi, kifungwe ndani ya kitambaa chepesi na kuwekwa kabatini mbali na mikono ya watoto. Mafuta yasidondoshewe juu ya nguo yenyewe, kwani huacha doa. Harufu ikififia, matone yaongezwe. Nguo za kichanga zisiwekewe kitu chochote, si nafthalini wala mwerezi. Zioshwe, zikauke juani, zifungwe katika mfuko safi.

Manufaa ya tatu ni ya historia, na yataja kwamba mafuta haya yameihudumia elimu ya tiba kwa njia ambayo wachache wanaifahamu. Mwaka 1878 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe, aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda cha Carl Zeiss, alitoa lenzi ya hadubini inayotumika kwa kutia tone la mafuta kati yake na kigae cha kioo. Mafuta yaliyofaa yalikuwa ya mwerezi, kwa kuwa hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, na hivyo picha huwa safi bila mwanga kupotea. Kwa lenzi za namna hiyo Robert Koch aliweza kuwatazama vijidudu wa kifua kikuu, akatangaza ugunduzi wake mwaka 1882. Mafuta ya mwerezi, basi, yalisaidia kukifahamu kifua kikuu yakiwa juu ya kioo cha hadubini. Leo wapo wanaoyauza yanywewe ili kutibu kikohozi, na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi ambaye angepaswa kupimwa makohozi hubaki nyumbani akingoja kichupa kimponye. Huko ni kucheleweshana na uhai.

Habari ya nywele na ya usingizi

Madai yanayosikika zaidi kwa akina mama na vijana ni ya nywele. Yana asili, na si vyema kuyapuuza wala kuyakuza. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, huko Scotland, walichapisha matokeo ya jaribio kwa watu wenye maradhi ya nywele kutoka kwa mabaka, yale ambayo mwili wenyewe hushambulia mashina ya nywele. Kundi moja lilisugua kichwani kila siku mchanganyiko wa mafuta manne, nayo ni zaatari, rozmari, lavenda na mwerezi, yakiwa yamezimuliwa katika mafuta mepesi. Kundi la pili lilitumia mafuta mepesi peke yake. Baada ya miezi 7, asilimia 44 ya kundi la kwanza walionekana kupata nafuu, na asilimia 15 katika kundi la pili.

Tuyasome matokeo hayo kwa uadilifu. Mafuta yalikuwa manne, hivyo sifa haiwezi kupewa mwerezi peke yake. Maradhi yalikuwa ya aina moja, si upara wa urithi wala nywele zilizokatika kwa kusukwa kwa kukazwa au kwa dawa za kulainisha. Muda ulikuwa miezi, si siku 10 kama yanavyonadi matangazo. Na zaidi ya nusu ya waliopaka hawakuona nafuu. Tena mabaka katika kichwa cha mtoto wa hapa kwetu mara nyingi huwa ni mapunye, yaani ukungu wa ngozi, na ukungu huo uliokwisha kuingia katika mashina ya nywele hutibiwa kwa dawa ya kumeza inayotolewa na daktari. Kumpaka mafuta ya kunukia mtoto mwenye mapunye ni kuwapa ukungu nafasi ya kuwafikia ndugu zake wanaolala naye.

Kuhusu usingizi, katika mafuta ya jamaa ya mtarakwa kuna chembe iitwayo sedroli, ambayo katika majaribio ya wanyama imeonekana kutuliza. Yawezekana basi mtu mzima akapata utulivu kwa harufu yake chumbani. Lakini aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi ana sababu, iwe ni dhiki, maumivu, shinikizo la damu au huzuni iliyomlemea. Harufu humliwaza, haiondoi sababu. Kadhalika mbu. Mwerezi huwasumbua kwa muda mfupi tu, kisha wakarudi. Chandarua chenye dawa kisiondolewe kitandani kwa ajili ya kichupa.

Mipaka ya usalama

Mafuta haya yasinywewe na yeyote, na hasa mtoto. Mafuta makali ya namna hii yakimezwa huweza kumtapisha mtu, na wakati wa kutapika yakaingia katika mapafu na kuyachoma. Ikitokea mtoto ameyanywa, asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya kupikia kwa dhana ya kuua sumu. Apelekwe hospitali mara moja, na kichupa kichukuliwe ili daktari akione. Yakiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi, kisha mtoto aonwe na mtaalamu.

Yasipakwe mwilini bila kuzimuliwa. Kwa mtu mzima, matone 2 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya ufuta yanatosha. Kabla ya kuyatumia mara ya kwanza, apake kidogo upande wa ndani wa mkono na kungoja siku nzima. Akiona wekundu, mwasho au malengelenge, mafuta hayo si yake. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasiyapake bila kumwuliza daktari au mkunga. Watoto wachanga wasipakwe kabisa, ngozi yao ni nyembamba na hupitisha kingi. Mwenye pumu ajihadhari na harufu yoyote kali ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Na matone yasitiwe juu ya makaa ya chetezo pamoja na udi, kwani mafuta juu ya moto hutoa moshi mkali na huweza kuwaka.

Lipo pia jambo la katrani, ile lami nyeusi inayopatikana kwa kuchoma mbao za mierezi na jamaa zake. Katika nchi za Maghribi huwapaka ngamia wenye upele, na huko huko zimeandikwa habari za vichanga waliopata sumu baada ya kupakwa lami ya namna hiyo. Baadhi ya wauzaji huichanganya katika jina la mafuta ya mwerezi. Mafuta ya mwerezi yaliyotolewa kwa mvuke huwa ya rangi ya manjano au kahawia hafifu, na harufu yake ni ya mbao kavu. Ukiona kitu cheusi kizito chenye harufu ya moshi, hicho ni lami, na hakina nafasi katika mwili wa mtoto.

Unaponunua

Tazama lebo. Mafuta ya kweli huandikwa jina la kitaalamu la mti: Cedrus atlantica kwa mwerezi wa Atlas, Cedrus deodara kwa wa Himalaya, Juniperus virginiana kwa ule wa Marekani. Lebo isiyo na jina la mti, au iliyoandikwa magonjwa 20 yanayoponywa, inajieleza yenyewe. Kichupa kiwe cha kioo cheusi, kihifadhiwe mahali pa baridi na giza, kimefungwa vyema na kufichwa mbali na watoto. Na kwa kuwa mwerezi wa Atlas umo katika orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka, anayenunua kidogo kwa haja yake amefanya vyema kuliko anayejaza kabati.

Kwa anayetafuta sidri, njia ni fupi na haina gharama. Aende kwenye mkunazi, achume majani mabichi, ayaponde na kuyatia katika maji. Ndiyo iliyotajwa, na ndiyo iliyo mikononi mwetu. Wazee wanaoshughulikia maiti katika mitaa yetu wanaujua mti huo ulipo. Vijana wawaulize wangali hai, ili siku ya haja asije mtu akaleta kichupa cha dukani kisichohusika.

Watoto wetu ni amana, na wao hawachagui wanachopakwa wala wanachonyweshwa. Kwa hiyo muuzaji na ajue anachokiuza, na mnunuzi aulize kabla ya kutoa fedha. Mwerezi ubaki kabatini na katika uturi, mkunazi ubaki katika maji ya kuoshea, na mgonjwa apelekwe kwa tabibu. Wabillahi tawfiq.